Injini ndogo ya petroli: kuitunza kazini na kuilaza stoo kwa usalama

Injini nyingi ndogo za petroli hufia stoo, hazifii kazini. Pampu iliyomwagilia vitunguu msimu mzima bila kugoma hubebwa mvua zikishika, ikawekwa kona ikiwa na tope lake, petroli yake na oili yake nyeusi. Miezi minne baadaye kamba inavutwa mpaka bega linauma, na injini haikohoi hata mara moja. Fundi anafungua kabureta, anatazama ndani, anasema "imekaa sana." Hiyo ni nusu ya jibu. Chuma na alumini havidhuriki kwa kukaa tu. Vinadhuriwa na vilivyoachwa humo ndani: petroli kwenye bakuli la kabureta, oili chafu chini ya pistoni na unyevu ndani ya silinda. Ukielewa kila kimoja hufanya nini kikiachwa, hatua za kuhifadhi hazihitaji kukaririwa.

Injini tunayoizungumzia ni ya silinda moja, ya mipigo minne, inayopozwa kwa hewa: ile iliyofungwa kwenye pampu za inchi 2 na inchi 3, jenereta za kilowati 2 hadi 3 na mashine ndogo za zege. Inayojulikana zaidi ni Honda GX160, na nakala zake za Kichina, 168F na 170F, zimejaa Kariakoo, Dar es Salaam, na Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Namba hizo zina maana: 1 ni silinda moja, 68 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, na F inaonyesha inapozwa kwa hewa. Kipenyo cha milimita 68 na safari ya pistoni ya milimita 45 vinatoa ujazo wa sentimita za ujazo 163. Vipimo vitakavyotajwa hapa ni vya GX160. Nakala nyingi zinavifuata kwa karibu sana, ila kitabu kilichokuja na mashine yako kikisema vingine, kifuate hicho.

Kabla ya kugusa chochote, zima swichi, acha injini ipoe, kisha chomoa kofia ya plagi na uisogeze mbali na plagi. Injini hizi kwa kawaida hazina betri. Cheche inatengenezwa na sumaku ya gurudumu zito linalozunguka na injini, inapopita mbele ya koili, kwa hiyo hata kuzungusha kwa mkono kunaweza kuiwasha.

Oili: lita 0.58 zinazofanya kazi ya gari zima

Gari lina pampu ya oili na chujio lake. GX160 haina. Chini ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na shafti, kuna kijiko kidogo kinachochota oili na kuirushia silinda, shafti na kemu inayofungua valvu, na oili ileile inazunguka bila kuchujwa. Vumbi la chuma lililokwanguka leo litarudi kwenye beringi kesho. Kwa sababu hiyo kubadilisha oili ndiyo matengenezo makubwa kuliko yote katika injini hii, na pia ndiyo rahisi kuliko yote.

Injini mpya hubadilishwa oili baada ya saa 20 za kwanza au mwezi mmoja, kwa kuwa ndipo ringi za pistoni na silinda zinaposuguana na kuzoeana. Baada ya hapo ni kila saa 100 au miezi 6, chochote kitakachotangulia. Watu husikia saa 100 wakadhani ni mbali. Anayemwagilia saa 6 kwa siku anazifikisha kwa siku 17. Msimu wa nyanya wa miezi mitatu unaweza kudai oili mpya mara tano, na pale penye vumbi jingi usingoje hata saa 100 zitimie.

Oili inayopendekezwa kwa jumla ni SAE 10W-30 ya injini za mipigo minne. SAE 30 nayo inafaa kwenye joto letu. Ile ya 20W-50 iliyozoeleka madukani ni nzito, lakini ikiwa ndiyo iliyopo, oili nzito safi ni afadhali kuliko oili sahihi iliyokwisha kuwa lami. Oili ya pikipiki za mipigo miwili usiitie kabisa.

Washa injini dakika tatu hadi tano ipate joto, izime, iweke mahali tambarare, fungua bolti ya chini na uache oili itiririke mpaka iishe. Oili ya moto hushuka na uchafu uliokuwa ukielea ndani yake. Ikipoa, uchafu unabaki umelala chini. Rudisha bolti pamoja na pete yake (washa), kisha mimina oili mpya mpaka ifike ukingo wa chini wa nyuzi za tundu la kujazia. Ukipima kwa kijiti, kifute, kiingize bila kukikaza kwa nyuzi, kichomoe, soma. Usijaze kupita ukingo. Oili ikizidi inapigwapigwa na konrodi, inatoa povu, inapanda kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye chujio la hewa, na ekzosi inaanza kutoa moshi wa bluu ambao mwenye mashine atadhani ringi zimekwisha.

Injini nyingi za jenereta na baadhi ya pampu zina kitambuzi cha oili kinachokata cheche oili ikipungua. Ni kitu kizuri kinachozua gharama za bure. Mashine ikiwekwa kwenye mteremko, oili inakimbilia upande mmoja na kitambuzi kinaona ukavu. Mwisho wa kuinama ni nyuzi 20. Kwa hiyo jenereta ikikataa kutoa cheche, pima oili na uiweke sawa kabla ya kununua koili.

Kuna dalili moja ambayo wengi huifurahia wakati inapaswa kuwatisha: oili imeongezeka. Oili haiongezeki. Kilichoongezeka ni petroli. Ndani ya kabureta kuna floti inayoelea na sindano yenye ncha ya mpira inayofunga njia petroli ikijaa. Punje moja ya mchanga ikikaa chini ya ncha hiyo, au mashine ikisafirishwa nyuma ya boda huku koki ya petroli iko wazi, petroli inapita bila kizuizi, inaingia silinda, inapenya kandokando ya ringi na kushukia kwenye oili. Nusa kijiti: kikinuka petroli na oili ikiwa nyepesi kama maji, usiwashe. Oili ya namna hiyo hailainishi, na mvuke wake unaweza kushika moto. Imwage, tafuta sababu kwenye sindano, weka mpya. Silinda ikiwa imejaa petroli kabisa, kamba itagoma kuvutika, na anayeivuta kwa nguvu anaweza kuharibu mashine. Peleka mashine nje mbali na moto, toa plagi, weka swichi kwenye kuzima, kofia ya plagi ikae mbali, ndipo uvute kamba taratibu petroli itoke kwenye tundu.

Oili iliyotumika ikusanyiwe kwenye dumu lenye mfuniko na ipelekwe gereji inayouza kwa wakusanyaji. Kupaka nguzo za banda ili mchwa wasile ni desturi ya siku nyingi, ila oili hiyo ina kemikali zinazosababisha saratani, na mvua ikinyesha inashuka ardhini ulipochimba kisima.

Hewa ya kupumua na hewa ya kupoza

Injini inatumia hewa kwa njia mbili, na zote mbili huzibwa na vumbi lilelile. Chujio la hewa lisafishwe kila saa 50, na kwenye barabara ya vumbi au mashine ya kukobolea, hata kila siku. Sponji huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hukaushwa kivulini, huchovywa kwenye oili safi ya injini na kukamuliwa mpaka lisidondoshe tone. Bila oili, vumbi laini linapita. Oili ikizidi, injini itatoa moshi. Chujio la karatasi hugongwagongwa kwenye kitu kigumu au kupulizwa kutoka ndani kwenda nje kwa upepo usiozidi psi 30. Wanaoosha sponji kwa petroli wanachelewesha ajali tu, maana kabureta ikirudisha moto kidogo kuna kitambaa cha petroli kikiusubiri. Kuendesha bila chujio "kwa leo tu" kunakula ringi haraka kuliko kitu chochote.

Hewa ya pili inavutwa na feni ya gurudumu kupitia wavu ulio penye kamba ya kuwashia na kupitishwa kwenye mapezi ya silinda. Tope lililokauka katikati ya mapezi, majani, kiota cha panya chini ya bati la feni: vyote vinafanya kichwa cha silinda kichemke huku nje mashine ikionekana nzima. Joto likizidi, kichwa kinapinda, gasketi inapasuka na valvu ya kutolea moshi inaungua. Angalau mara moja kwa msimu ondoa bolti za bati la feni, safisha mapezi kwa brashi na kijiti cha mti, kisha lirudishe. Usiendeshe bila bati hilo ukidhani unaongeza upepo. Bila hilo upepo unatawanyika na hausukumwi kwenye silinda.

Plagi na valvu tuzipite haraka. Plagi ni BPR6ES au inayolingana nayo, F7TC kwenye nakala nyingi. Pengo lake milimita 0.7 hadi 0.8. Ifunge kwa vidole kwanza, spana baadaye, kwani nyuzi za alumini zikiharibika hazirudi. Nafasi ya valvu injini ikiwa baridi ni milimita 0.15 ya kuingizia na 0.20 ya kutolea, hupimwa kwa fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kamba ikianza kurudisha mkono kwa nguvu, nafasi ya valvu ya kutolea huenda imekuwa kubwa, kwa sababu kile kifaa kinachopunguza mgandamizo wakati wa kuwasha kinategemea valvu hiyo ifunguke kidogo.

Gavana, yaani kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, isiguswe. Jenereta ya herzi 50 ya aina hii inazunguka kama mara 3,000 kwa dakika, na anayekaza springi ili "iongeze nguvu" anaongeza volti na kuunguza televisheni ya jirani.

Tangi lijazwe au limwagwe?

Hapa ndipo ushauri unapogongana. Vitabu vingi vinasema ukihifadhi jaza tangi, mafundi wetu wanasema mwaga. Wote wana sababu.

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi. Vile vyepesi, vinavyowasha injini ikiwa baridi, huruka kwanza. Vilivyobaki vinaungana na oksijeni polepole na kuwa gundi ya rangi ya chai, hatimaye ukoko. Kwenye tangi la lita 3.1 hilo huchukua muda, lakini bakuli la kabureta lina petroli kidogo sana na liko wazi kwa hewa. Hapo ndipo inakauka kwanza, na hapo ndipo zilipo jeti, vipande vyenye tundu dogo linalopima petroli inayoingia injini. Tundu la jeti kuu lina upana wa karibu milimita 0.7, la jeti ya mwendo mdogo ni finyu zaidi. Utando usioonekana kwa macho unatosha kuliziba nusu.

Tangi lililojaa lina hewa kidogo, kwa hiyo unyevu hauna mahali pa kugandia na bati halishiki kutu. Hiyo ndiyo hoja ya vitabu, na inakwenda pamoja na dawa ya kuzuia petroli isiharibike, inayotiwa ikiwa petroli ni mbichi na injini ikaendeshwa dakika kumi ili dawa ifike kwenye kabureta. Huko Ulaya na Marekani, ambako petroli nyingi ina ethanoli inayovuta maji, watu hufanya hivyo kila majira ya baridi. Kwetu dawa hiyo ni adimu nje ya miji mikubwa, stoo ina joto, na mara nyingi ukuta wa stoo ndio ukuta wa chumba cha kulala. Lita tatu za petroli chini ya bati la moto kwa miezi minne ni hatari isiyo na faida.

Uamuzi wetu basi ni huu. Mashine ikikaa chini ya mwezi, funga koki, kausha bakuli la kabureta, petroli ya tangi ibaki. Ikikaa mwezi hadi miezi miwili na una dawa, jaza petroli mbichi yenye dawa, na bakuli likaushwe. Ikizidi hapo, au huna dawa, mwaga yote, na kutu ya tangi uizuie kwa oili. Jenereta inayosubiri umeme ukatike haihifadhiwi hivyo: ibaki na petroli kidogo, iwashwe mara moja kwa mwezi ikiwa na mzigo kwa dakika 15 hadi 20, na kila ikizimwa izimwe kwa kufunga koki.

Kuilaza, kwa mpangilio wake

Mpangilio una maana. Anza na kuosha, kwa sababu baada ya hapo injini lazima iwashwe ili joto likaushe maji. Osha ikiwa imepoa, kwa kitambaa na ndoo. Mpira wa maji wenye nguvu unaingiza maji kwenye ekzosi na chujio la hewa. Kwenye pampu, vuta maji safi kutoka ndoo kubwa ili kusukuma mchanga nje, ukiwa umejaza maji kwenye nyumba ya impela, gurudumu linalosukuma maji, kabla ya kuwasha. Sili ya pampu hupozwa na maji yaleyale yanayopita. Ikizunguka kavu inaungua upesi. Kisha fungua bolti ya chini ya pampu, maji yatoke yote.

Injini ikiwa bado na joto, badilisha oili, hata kama haijafikisha saa zake. Oili iliyotumika ina maji na asidi zilizotokana na kuungua kwa petroli, na injini ikilala nayo miezi kadhaa beringi zinaliwa kimyakimya. Wengi hubadilisha oili msimu ukianza tena. Wamechelewa: kazi ya kuharibu imekwisha kufanyika.

Ngoja ipoe kabisa. Sasa petroli, na kazi hii ifanyikie nje, pasipo sigara, jiko la mkaa wala kibatari karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kati ya mara tatu na nne, kwa hiyo hautoki dirishani. Unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto hata ulio mita kadhaa mbali. Toa petroli ya tangi kwa pampu ya mkono au kwa kufungua mpira chini ya koki. Usiivute kwa mdomo. Petroli iliyomezwa ni mbaya, iliyoingia kwenye mapafu inaweza kuua. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali.

Funga koki. Chini ya kabureta kuna bolti ya bakuli, kwa kawaida spana namba 10. Weka kopo la bati, ilegeze, petroli iishe. Njia ya mkato ya kuiacha injini ingurume hadi izime yenyewe inasaidia, ila haimalizi: injini huzima petroli ikishuka chini ya jeti, na kile kilichobaki chini ya hapo ndicho kitakachokuwa ukoko. Fanya vyote viwili ukipenda, lakini bolti usiiruke. Kando ya koki kuna kikombe kidogo cha kunasia uchafu. Kifungue, kioshe, angalia mpira wake wa mviringo, kifunge. Maji yakiwemo, utayaona chini ya petroli kama shanga zinazoteleza.

Petroli uliyoitoa, ikiwa haina mwezi, ichuje uitie kwenye pikipiki. Usiimwage chooni wala mtaroni. Mvuke unakusanyika shimoni ukisubiri mtu aje na kiberiti.

Tangi la bati likiwa tupu, mwagia vijiko viwili vya oili safi na ulizungushe ili oili ipake kuta. Halafu toa plagi, tia mililita 5 hadi 10 za oili safi kwenye silinda, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Funika tundu kwa kitambaa, vuta kamba polepole mara tatu nne ili oili ienee. Rudisha plagi. Mwisho vuta kamba taratibu mpaka uhisi inakuwa nzito, na uiachie hapo. Uzito huo unaonyesha pistoni iko kwenye mgandamizo na valvu zote mbili zimefungwa, hivyo hewa ya unyevu haina mlango wa kuingia kwenye silinda. Hatua hii haichukui hata dakika moja, na pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ambako hewa ina chumvi, ndiyo inayotenganisha silinda inayong'aa na ringi zilizoganda.

Kofia ya plagi iachwe imechomolewa. Paka oili kidogo sehemu zinazoshika kutu. Ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa chekundu kinachoning'inia. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda matundu hayo, na rangi itakukumbusha kukitoa. Weka mashine juu ya mbao, sawasawa, isiinamishwe. Ifunike kwa gunia au shuka. Nailoni iliyofungwa kabisa inahifadhi jasho ndani.

Na iweke mbali na mbolea. Chumvi za mbolea zinavuta unyevu na kula chuma na shaba, na CAN, ambayo ina amonia naitreti, haifai kabisa kulala pamoja na petroli: petroli ikiwaka, mbolea hiyo inauongezea moto oksijeni.

Petroli ya akiba na moshi unaoua

Chupa ya maji ya kunywa ikitiwa petroli ni chombo cha bei rahisi na msiba wa gharama. Ni laini, mfuniko wake hauzuii mvuke, na mtoto mwenye kiu haulizi. Tumia dumu la bati au la plastiki nene lililotengenezwa kwa mafuta, lenye rangi tofauti na madumu ya maji, na usilijaze hadi shingoni. Petroli hutanuka kwa joto. Unapojaziwa kituoni liweke chini, lisiwe juu ya boda wala ndani ya gari, ili umeme tuli upate njia ya kwenda ardhini. Andika tarehe ya kununua. Wala usinunue ya msimu mzima mara moja.

Ubora nao ni tatizo la kweli. Mchezo wa kuchanganya mafuta ya taa kwenye petroli ulisambaa Tanzania kiasi cha EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kuanza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali za kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010. Petroli iliyochakachuliwa inagonga ndani ya silinda, inaacha masizi kwenye plagi, na sehemu isiyoungua inashukia kwenye oili. Chanzo cha petroli kikibadilika na injini ikaanza kugonga, shuku petroli kwanza.

Kujaza tangi huku injini inanguruma au ekzosi bado ina moto ndiko kunakounguza watu wengi. Zima, ngoja kama dakika 15, jaza, funga mfuniko, futa yaliyomwagika, ndipo uwashe.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Anayeivuta anaumwa kichwa, anasinzia, hasikii hatari. Jenereta isiwashwe ndani ya chumba, jikoni, varanda iliyozibwa wala dukani hata milango ikiwa wazi. Iwe nje, angalau mita 6 kutoka dirisha au mlango wowote, ekzosi ikielekea mbali na nyumba. Mvua ikinyesha, ijengee kibanda cha paa bila kuta, usiivute ndani. Pampu nayo isishushwe kisimani kufuata maji. Moshi unajaa shimoni kwa dakika chache, na anayeshuka kumuokoa mwenzake mara nyingi hapandi. Maji yakiwa chini sana kwa pampu ya juu, kwa vitendo zaidi ya mita 7 hivi, unahitaji pampu ya aina nyingine.

Kuiamsha

Toa kitambaa cha ekzosi, tazama chini ya bati la feni kama panya hawajahamia, pima oili. Toa plagi, vuta kamba mara kadhaa oili ya silinda itoke, rudisha plagi safi. Tia petroli mbichi, nusu lita inatosha kujaribia. Fungua koki, ngoja dakika moja bakuli lijae, vuta choki (kile kinachobana hewa injini ikiwa baridi), jaza maji kwenye pampu, washa. Moshi wa bluu wa dakika za mwanzo ni ile oili uliyoitia.

Ikikataa, legeza bolti ya bakuli kwa nusu mzunguko. Petroli isipotoka, ama koki imeziba ama sindano ya floti imenata. Gonga kabureta kidogo kwa mpini wa bisibisi. Petroli ikitoka na plagi ikibaki kavu baada ya kuvuta mara nyingi, jeti imeziba. Ikiwaka na choki tu, au mlio wake ukipanda na kushuka kama mtu anayechezea akseleta, imeziba nusu: inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Ishushe kabureta, isafishe kwa dawa yake ya kupuliza, na tundu la jeti ulipitishe uzi mmoja wa waya laini wa shaba. Sindano ya chuma inapanua tundu, na tundu likipanuka injini itakula petroli na kutoa moshi mweusi mpaka ununue jeti mpya.

Ikishawaka, iache ifanye kazi dakika ishirini, izime, ngoja kidogo, pima oili tena na ukinuse kijiti. Kiwango kikiwa kimepanda, sindano bado inavuja. Funga koki na uifungue kabureta kabla pampu haijapanda boda kwenda shambani.